Heko kwa Walimu wa Mvua

Kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, pale Dagoretti Corner, abiria wengi hulipita lango la Idara ya Hali ya Hewa wakiwaza foleni tu. Humo ndani mna chuo cha idara hiyo, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekitambua kuwa kituo cha mafunzo cha kanda. Walimu wake wanastahili pongezi.

Wanafundisha kwanza uaminifu. Kila saa tatu asubuhi kipimamvua husomwa: maji humiminwa kwenye bilauri yenye alama, msomaji akainama hadi jicho lilingane na usawa wa maji, ndipo milimita ziandikwe. Siku iliyorukwa hairudi, na bila kumbukumbu za miaka mingi nani atathibitisha kwamba tabianchi imebadilika?

Chiromo nako, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunza wataalamu wa fani mbalimbali namna ya kuhimili mabadiliko hayo. Kazi ipo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti ziyazingatie katika mipango yao ya maendeleo, lakini sheria haizibui mitaro. Mafuriko ya 2024 yalitufunza hivyo mtaani Mathare. Mkulima naye akiambiwa mvua itazidi wastani, anataka kujua apande mbegu gani, lini.

Mtaalamu anayeweza kumjibu hazuki tu, hufundishwa. Heko walimu! Nanyi magavana, waajirini wahitimu wao, kisha muwasikilize.