Haraka Iliyokata Mlingoti

Nyinyi mlioitazama ile picha kubwa ya Forodhani, iliyopigwa kutoka darini na kuungwa kipande kwa kipande, mmekwisha kuliona jahazi lililokatika mlingoti, nusu ya juu imesogea kando ya nusu ya chini, na mbingu imegawanyika mapande, hili la samawati, hili la kijivu. Nami nasema mapema kwamba taksiri hiyo haikutoka katika mashine wala katika bahari, bali katika uamuzi mmoja uliokuwa batili tangu ulipokatwa.

Ili kazi iishe upesi, mafundi walipunguza kupishana kwa picha, yaani ukanda ambao picha mbili jirani huuonyesha kwa pamoja, kutoka asilimia 30 hadi 10. Safu nane za picha 30 zikawa safu saba za picha 24. Na kwa kuwa programu ya kuungia picha iliachwa ilinganishe kila picha na nyingine zote, jozi zikashuka kutoka 28,680 hadi 14,028, wakadhani wamepata faida. Laiti wangalitafakari! Kichwa cha mota kilichozungusha kamera kilikwenda kwa safu, na majirani wa kila picha walijulikana kabla ya kompyuta kuwashwa: lau wangalilinganisha jirani na jirani, wa ubavuni, wa juu na chini, na wa mshazari, picha zote 240 zingalidai jozi 848 tu, na upana wa kupishana ungalisalimika.

Upana huo si anasa. Ndani yake mshono hupata njia ya kulizunguka jahazi linalokwenda. Ndani yake mwanga wa mbingu huyeyuka polepole kutoka picha hii hadi ile, ilhali kamba na matanga huungwa kwa ukanda mwembamba, hekima waliyoieleza watafiti Burt na Adelson mwaka 1983. Brown na Lowe nao, mwaka 2003, walipokabili picha zisizo na mpangilio wowote, waliipa kila moja wenzake sita tu wanaoelekea kuafikiana nayo. Mabingwa hao, ambao kompyuta zao zilikuwa dhaifu kuliko simu zetu, walipunguza kazi isiyo na faida, wasiiguse yenye faida.

Kweli, kuigawa turubai ya picha nzima vipande ili kumbukumbu ya kompyuta isilemewe kulifanywa vyema.

Lakini nimekwisha kusema mara nyingi, na sichoki, kwamba kadi ya michoro ya bei ghali haimfidii asiyehesabu kwanza. Kilichokosekana kamerani hakuna programu itakayokizua kwa haki. Hapana budi kupanda tena darini, kungoja jahazi jingine, na kupiga safu zote nane.