Ni Nani Alipaye? Neno "Mchawi" na Hadithi ya Sunny

Katika hadithi zinazoandikwa kwa ajili ya vijana siku hizi, nyingi ni za wasichana na wavulana wanaojigundua kuwa na nguvu za uchawi. Waalimu wengine huzikataza kwa kutazama jalada tu; wengine huziacha zipite, wakisema ni michezo ya kitoto. Twaona kwamba wote wawili wameikwepa kazi. Hadithi ya namna hii yapasa kupimwa kwa swali moja: nguvu hizo zina bei gani, na ni nani alipaye? Tumechagua kukipima hivyo kitabu *Akata Witch*, kilichotolewa mwaka 2011. Mtungaji wake ni Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani mwaka 1974, na wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria.

Sunny ni msichana wa miaka 12, mwenye ualbino, aliyezaliwa New York na kukaa Nigeria. Shuleni hudhihakiwa kwa rangi yake na kwa ugeni wake. Neno "akata" lenyewe ni tusi wanaloitwa Wamarekani weusi. Siku moja aona katika mwali wa mshumaa mwisho wa dunia. Ndipo ajulishwapo kwamba yu katika Watu wa Chui, wenye maarifa ya siri. Jina hilo lina mizizi: chama cha Ekpe, upande wa Cross River, chaitwa kwa jina la chui, na maandishi yake ya nsibidi yamo kitabuni.

Jambo lililo bora katika kitabu hiki ni fedha yake. Watu wa Chui hutumia vipande vya madini viitwavyo chittim, navyo huanguka toka juu kila mtu anapojifunza jambo la kweli. Vya shaba nyekundu ndivyo vyenye thamani kuliko vyote. Basi utajiri wao ni alama ya elimu iliyopatikana kwa jasho la mwenyewe, na mtu mvivu hubaki mikono mitupu. Mwalimu gani asiyependa mfano huo?

Mbele ya fedha hiyo mtungaji ameweka bei ya namna nyingine. Adui wa hadithi, Black Hat Otokoto, huiba watoto na kuwaua apate nguvu. Jina Otokoto msomaji wa Nigeria hawezi kulisikia kama jina tupu, maana mwaka 1996 mji wa Owerri uliwaka ghasia baada ya mtoto wa miaka 11 kuuawa kwa tamaa ya utajiri wa kishirikina, na hoteli iliyotajwa katika mauaji hayo iliitwa kwa jina hilo. Hapo hadithi yaacha kuwa ndoto. Sunny hulipa kwa jasho lake. Otokoto hulipa kwa damu ya wengine.

Sasa twaja kwenye lugha. Kiingereza chaweza kumwita msichana huyu "witch" naye akabaki mpendwa wa wasomaji. Kiswahili hakikubali. Mganga aweza kuwa mwema au mwongo, lakini mchawi ni yule anayedhuru, na faida yake ni hasara ya jirani. Hata mithali isemayo "Mchawi mpe mwana kulea" yapata ukali wake hapo: wajua kwamba mwana ndiye anayewindwa, wampa mchawi amlinde asije akashutumiwa. Kwa hiyo atakayemfasiri Sunny kuwa "mchawi" atakuwa amempa jina la Otokoto. Afadhali aseme "mtu wa Chui", aieleze maana, na neno "mchawi" aliweke kwa yule anayelistahili.

Kipimo hiki chafaa kwa vitabu vingine pia. Katika *Charmed Life* ya Diana Wynne Jones, ya mwaka 1977, msichana Gwendolen hufanya maajabu ya kupendeza, kumbe aliyekuwa akilipa ni ndugu yake mdogo, ambaye maisha yake tisa ameyafunga katika njiti za kibiriti. Katika *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, kijana Ged afungua mlango wa giza kwa majivuno. Mkuu wa shule yake hutoa uhai wake kuufunga, na Ged hubaki na makovu usoni. Wasomaji wa vitabu hivyo hawafichwi deni.

Hata hivyo *Akata Witch* kina dosari mbili. Ya kwanza, wazee wa Watu wa Chui huwatuma watoto wanne kupigana na Otokoto, wakijua kwamba waweza kufa. Je, wazee hao nao hawalipi kwa watoto wa wengine? Kitabu chaligusa swali, kisha chakimbilia ushindi. Ya pili ni nzito zaidi kwetu. Ualbino wa Sunny wafanywa kuwa alama ya uwezo wake wa kupita kati ya dunia mbili. Nia ni njema: aliyedharauliwa apewa heshima. Lakini wazo kwamba mwili huo una nguvu za siri ndilo lile lile lililotumiwa na wauaji wa watu wenye ualbino katika Tanzania, hata mwezi wa Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Kumgeuza mtu kutoka laana kuwa hirizi si kumfanya mtu.

Hatusemi kitabu kifungiwe. Kumtetea mtungaji, nguvu ya Sunny ni yake kuitumia, si ya mtu kuja kuichukua, na anayewinda watoto ndiye adui. Twasema kisisomwe bila mwalimu. Mwalimu na alikataze darasani neno "zeruzeru". Na aseme waziwazi kwamba ualbino ni upungufu wa rangi mwilini urithiwao kwa wazazi wote wawili, wala si kingine. Kisha awaulize wanafunzi, katika kila hadithi ya maajabu: ni nani aliyelipa? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo kitabuni atauliza hivyo hivyo siku atakapoahidiwa utajiri wa upesi.