Nani Alimwashia Shetani Taa?

Chris MacNeil anarudi nyumbani, taa zinazimika na kuwaka, anapita jikoni. Katika The Exorcist ya 1973, William Friedkin alituachia hayo tu. Mwaka 2000, alipoitoa upya kwa jina The Version You've Never Seen, akabandika uso mweupe wa pepo kwenye bati la moshi juu ya jiko. Kosa la wazi.

Tazama shoti ilivyopangwa. Mama amebeba wasiwasi na sisi tumo naye, tunajua anachokijua. Uso ule ukitokea, Chris hauoni, sisi tunauona. Papo hapo tumemtangulia, hofu yake si yetu tena, na jicho linaanza kuwinda uso mwingine ukutani. Katika toleo la 1973 uso huohuo ulipita ndani ya ndoto ya Padri Karras, mmoja wa mapadri wa filamu hii, sekunde haifiki, watu wakatoka wakibishana kama kweli wameuona. Hata msimulizi wa Mombasa anajua: kwato za jini aliyejigeuza mrembo hutajwa mwishoni, tena mara moja.

Sauti ya pepo, aliyoitoa Mercedes McCambridge, na chumba kilichogandishwa ili pumzi zionekane: safi. Mazungumzo ya mapadri kwenye ngazi, yaliyorudishwa katika toleo la 2000, ambayo mwandishi wa hadithi, Blatty, aliyataka tangu mwanzo, sina ugomvi nayo.

Nitaambiwa mtazamaji wa leo hana subira. Mtazamaji yupi? Wa Makadara, Nairobi, haji na akili tupu. Jericho, Maringo na Kaloleni bado wapo wanaoikumbuka tume ya Rais Moi kuhusu ibada ya shetani, ya 1994, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilikabidhiwa 1995, Bunge likaiona 1999. Katika miaka hiyo ya ukimya, aliyetajirika ghafla alishapatiwa maelezo mtaani: ni shetani. Hadithi za shetani na mali zinapendwa hadi leo kwa sababu hiyo: zinataja chanzo cha pesa ambayo hakuna aliyeona ikitafutwa.

Wanaijeria walilijua hilo katika filamu ya Living in Bondage, 1992. Andy anamtoa mkewe Merit kafara apate mali, kisha mzuka wake unamwandama. Halafu ikaja filamu ya Karishika, Lusifa mwenyewe na jehanamu yake mbele ya kamera, nasi tukacheka. Kumwonyesha shetani waziwazi hivyo nimekulalamikia miaka mingi. Sikutegemea kumwona Friedkin kwenye foleni hiyo.

Tafuta The Exorcist ya 1973, ile ya dakika 122. Hiyo ndefu waachie wanaohesabu nyuso.