Kupima Kituo cha Kilindini katika Subnautica

Katika Subnautica, mchezo wa kompyuta wa kunusurika uliotoka rasmi Januari 2018, kituo anachojenga mchezaji chini ya bahari hupimwa kwa kuta zake, si kwa madirisha. Lakini zinazosifiwa siku hizi ni picha za majumba ya vioo yanayoning'inia kilindini, na wanaosifu hawaulizi vioo hivyo vinashikiliwa na nini.

Msingi huja kwanza. Kituo kisichokanyaga sakafu ya bahari si kituo. Mchezo huruhusu kielee, lakini mchezo huruhusu mengi. Umeme nao haufichiki. Ndani ya mapango ya Lost River, kwenye kina cha zaidi ya mita 500, paneli za sola ni pambo tu, kwa hiyo mpimaji hutafuta mtambo wa jotoardhi, kisha hufuata vipitisha umeme hadi ukutani. Mstari wa vipitisha hivyo ukipindapinda ovyo, mjenzi alikuwa akibahatisha.

Kinachompita mgeni daima ni bamba la kuimarisha. Kila uso wa ukuta hukubali kitu kimoja: dirisha au bamba. Dirisha hukata uimara wa kituo kwa 1, ushoroba wa kioo kwa 2, na kina kikiongezeka makato huongezeka pia. Bamba hurudisha 7, kwa titaniamu 3 na lithiamu 1. Hivyo kila dirisha la kilindini limelipiwa mahali fulani, na ustadi wote uko katika kuchagua pa kulipia. Fundi hasa huziba pande zote zinazotazama mwamba, akaacha dirisha moja tu penye cha kutazamwa. Mbabaishaji hana bamba hata moja. Hujenga katika hali ya ubunifu, ambako uimara hauhesabiwi wala kuta hazivuji, kisha huonyesha picha kana kwamba alitoa jasho. Kumnasa ni rahisi: vioo vihesabiwe, mabamba yatafutwe.

Kazi safi zaidi ni za miaka ya majaribio ya mchezo, kuanzia Desemba 2014. Tangu nyongeza ya Desemba 2022 ilete chumba kikubwa na kuba la kioo, vituo vimekuwa kumbi za harusi.

Mlango wa kuzuia maji nao huongeza uimara kwa 3, ila thamani yake huonekana ukuta ukipasuka: ukifungwa, mafuriko hubaki chumba kimoja. Bwawa la kuegeshea chombo hukata 5 peke yake. Mahali pake ni pembeni, likitengwa na chumba cha kulala kwa mlango huo.