Pongezi kwa Mafundi wa Uzi

Nawavulia kofia mafundi wanaopima alaimenti ya gari kwa uzi na rula. Gari likivuta upande, au tairi za mbele zikilika ukingo mmoja, hawakimbilii spana. Kwanza wanasawazisha upepo, kisha wanashika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa, maana boljointi iliyokwisha haiponi kwa vipimo. Ikiwa imelegea watakwambia ukanunue nyingine kwanza, hata kama wewe una haraka na wao wana njaa ya kazi. Hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi.

Gari likishakaa mahali tambarare, usukani ukanyooshwa, uzi unakazwa kila upande, sambamba na gari, usawa wa kitovu cha gurudumu. Fundi anachuchumaa na rula: kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Tofauti ya milimita chache inamwambia gurudumu limeelekea ndani au nje. Analegeza nati ya tairodi, anaizungusha tairodi yenyewe kidogo, upande wa pili vilevile ili usukani usipinde. Anasukuma gari nyuma na mbele springi zitulie, anapima tena. Na tena.

Mwinamo wa gurudumu uzi hauupimi, na fundi mwaminifu atakutuma kwenye mashine. Lakini kwa kazi yake hii, mwinamo ukiwa sawa, tairi zako zitalika sawasawa. Akitaja bei, mlipe bila kuomba punguzo.