Kiswahili cha Pambo na Kiswahili cha Kazi: Maoni juu ya Michezo ya Kompyuta, Hadithi za Kisayansi na Istilahi Zetu

Utangulizi

Wanafunzi wetu wengi hufurahi sana wanapogundua kwamba Kiswahili kimo ndani ya mchezo wa kompyuta au filamu ya Kimarekani. Furaha hiyo tunaielewa. Hapa Bujumbura lugha hii imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya sokoni na ya mitaa kama Buyenzi na Bwiza. Inapoimbwa na kwaya ughaibuni, msemaji wake hunyanyua kichwa. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kazi ya uhakiki si kushangilia tu.

Katika makala hii tunakusudia kujibu swali moja: Kiswahili kinapoingia katika teknolojia na katika hadithi za kisayansi, kinaingia kufanya nini? Maoni yetu ni kwamba mara nyingi kinaingia kama pambo. Tena tunaona kwamba ufundishaji wa istilahi uliozoeleka katika shule nyingi unafanana na pambo hilo kuliko tunavyodhani. Tutaanza na mifano ya ng'ambo, kisha tutarudi nyumbani.

Jina bila kazi

Mfano wa kwanza ni wa zamani. Mnamo Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo wa Star Trek, hadithi ya chombo kinachosafiri baina ya nyota. Afisa wa mawasiliano katika chombo hicho ni mwanamke mweusi aitwaye Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Kwa Wamarekani weusi wa miaka ile, kumwona mwanamke mweusi akikaa katika chumba cha uongozi wa chombo lilikuwa jambo kubwa, na hatuna nia ya kulipunguza.

Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 mashine inafuta kumbukumbu za Uhura, naye inabidi afundishwe upya kusoma Kiingereza. Anapokwama katika somo, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Mwalimu yeyote wa Burundi anaitambua hali hiyo, kwa sababu anamwona mwanafunzi akikwama katika lugha ya kigeni na kukimbilia ile anayoimudu. Lakini tazama kinachofuata: Uhura akishapona, Kiswahili kinaondoka. Chombo hakiendeshwi kwa Kiswahili na taarifa za hatari hazitolewi kwa Kiswahili. Lugha yetu imefika kwenye nyota, lakini haikupewa kazi huko.

Mfano wa pili ni Jenga, mchezo wa vipande 54 vya mbao ulioanza kuuzwa London mwaka 1983. Mwenye kuubuni, Leslie Scott, alizaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, na jina la mchezo alilitoa katika kitenzi kujenga. Mamilioni ya watu hutamka amri hii ya Kiswahili bila kujua kuwa ni amri. Tena mchezo wenyewe ni wa kuchomoa vipande mpaka mnara uanguke, kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili angeweza kucheka kidogo.

Mfano wa tatu ndio unaowagusa zaidi vijana. Mwaka 2005 ulitolewa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, ambamo mchezaji hujenga dola tangu zama za kale hadi kufikia vyombo vya angani. Wimbo wa ufunguzi, Baba Yetu, ulitungwa na Christopher Tin, naye alitumia Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Ni wimbo mzuri, na Kiswahili chake kinasikika vizuri.

Hata hivyo, wimbo ukiisha mchezo unaanza, na hapo ndipo lugha inapohitajika kweli. Mchezaji anatakiwa kulima, kufua chuma, kutunga sheria, kufanya utafiti, kupatana na majirani. Maelekezo hayo yote mchezo ulitolewa nayo kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine za Ulaya, bila Kiswahili. Kiswahili kimewekwa mlangoni kuwakaribisha wageni, lakini ndani ya nyumba hakikupewa kiti. Kwa mhakiki, hilo ni suala la maana kuliko tuzo.

Nomino nyingi, vitenzi vichache

Sasa tugeukie madarasa yetu. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, nafasi ya Kiswahili shuleni imepanuka, na katika shule za msingi kinafundishwa pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Mada ya teknolojia haikosekani katika mafunzo hayo. Je, inafundishwaje?

Mara nyingi inafundishwa kwa orodha ya majina. Mwanafunzi anaambiwa kwamba kompyuta ni tarakilishi, na katika kitabu kingine anakuta ngamizi. Simu anaambiwa ni simu ya mkononi, kisha simu ya kiganjani, kisha rununu, kisha simutamba. Kompyuta ya kubeba ni kipakatalishi kwa huyu na kompyuta mpakato kwa yule. Siku hizi tumeongezewa akili bandia, akili unde na akili mnemba, zote zikieleza jambo moja. Mtihani ukija, mwanafunzi aliyeandika kompyuta anaweza kukatwa alama na msahihishaji anayependa tarakilishi, na kinyume chake. Mtoto huyo hakukosea Kiswahili hata kidogo. Ameadhibiwa kwa sababu hakukisia upendeleo wa mwalimu.

Hatupingi uundaji wa istilahi. Historia inaonyesha kwamba Kiswahili kimejua kuunda na kujua kukopa. Ndege ya chuma ilipewa jina la ndege wa angani. Meli ilitokana na neno la Kiingereza la barua, kwa sababu vyombo vilivyoleta barua ndivyo vilivyozoeleka bandarini. Parafujo tulipewa na Wareno. Katika miaka ya karibuni barua pepe na barua meme zilishindana, na watumiaji wakachagua barua pepe. Hakuna mtihani ulioamua hayo. Neno hukaa kwa sababu watu wana shughuli nalo.

Tunachopinga ni kudhani kwamba ukishajua jina la kitu umekwisha kujua kukizungumzia. Lugha inapofanya kazi, mzigo mkubwa hubebwa na vitenzi. Hili lilionekana wazi mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walipotoa programu ya ofisini ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Katika programu ya namna hiyo neno kompyuta halina kazi kubwa. Kinachohitajika ni fungua, hifadhi, nakili, bandika, futa, chapisha. Ni vitenzi vya nyumbani, ambavyo karibu kila msemaji anavijua.

Tuangalie pia kupakia na kupakua. Ni maneno ya bandarini, ya kuweka shehena chomboni na kuitoa; tena kupakua ni kutoa chakula chunguni. Leo tunapakia picha na kupakua faili, na hakuna mtu aliyehitaji kamusi ili aelewe. Vivyo hivyo kudukua: zamani ni kusikiliza kwa siri mambo ya watu, leo ni kuingia katika mitambo ya wengine bila ruhusa. Maana mpya imekaa juu ya ya zamani bila kuyumba. Mwanafunzi akifundishwa njia hii ya kupanua maana, ataweza kueleza hata chombo ambacho hakijapata jina.

Karakana za Buyenzi

Anayetaka kusikia Kiswahili cha kazi hapa Bujumbura hana haja ya kwenda mbali. Buyenzi ni mtaa unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Pale utasikia feri mahali ambapo vitabu vya Dar es Salaam vinasema breki, turunevisi badala ya bisibisi, na moteri badala ya injini. Maneno hayo yametokana na Kifaransa, na mwalimu mwenye haraka atayaita uchafu wa lugha. Lakini sikiliza sentensi yenyewe: fundi anamweleza mwanagenzi wake kwa nini gari linavuta upande mmoja, alegeze nini kwanza, asikaze nini kupita kiasi, na nini kitatokea akikosea. Kuna sababu, utaratibu, masharti na tahadhari. Hayo ndiyo mambo tunayoyatafuta katika insha za kitaaluma bila kuyapata.

Ni vivyo hivyo kwa vijana wanaocheza mpira wa kwenye skrini. Kidude cha mkononi wanakiita manete, kwa Kifaransa. Hata hivyo ubishi wao juu ya nani alikuwa ameotea na nani alipiga pasi mbovu unaweza kwenda kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Jina ni la kukopa, lakini hoja ni yao wenyewe.

Hapa ndipo penye jambo zito. Kijana wa mtaa kama huo akiingia shule ya ufundi, masomo yake ya umeme na mitambo anayapata kwa Kifaransa. Kiswahili, kama kipo katika ratiba, kinamletea ngeli, methali na orodha ya istilahi. Maarifa aliyoyapata kwa Kiswahili karakanani hayakutani popote na maarifa anayopewa shuleni. Anahitimu akiamini kwamba Kiswahili chake ni cha mikono tu, na kwamba fikra zina lugha nyingine. Hasara hiyo haitaondolewa na neno tarakilishi.

Chombo cha Dzombo

Je, fasihi yetu inasaidia? Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina hadithi za kisayansi. Si kweli. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa na utawala wa nchi yake na kurushwa angani katika chombo kilichokusudiwa kuwa kaburi lake. Lakini hafi. Anafika Walenisi, nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na jina lenyewe likikatwa linasomeka "wale ni sisi".

Tukiilinganisha na Star Trek, tofauti ni kubwa. Kwa Mkangi Kiswahili si abiria. Hukumu, safari ya angani na mijadala juu ya jamii mpya vyote vinakwenda kwa lugha yetu, na hata siri ya riwaya imefichwa katika sarufi yake, kwani jina Walenisi haliwezi kufumbuliwa na mtu asiyejua Kiswahili. Mwandishi hakungoja baraza la lugha limpe orodha ndipo arushe chombo chake.

Lakini riwaya hii ina mipaka yake. Mkangi ni mtu wa siasa na jamii kuliko mtu wa mitambo. Chombo ni kivuko cha kumpeleka Dzombo kwenye hoja, na msomaji mwenye hamu ya kujua mitambo inavyofanya kazi atabaki na kiu. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka mwaka 2002, nayo inamzungusha mhusika wake katika dunia ya utandawazi, lakini inaegemea fumbo na taashira. Bado tunangoja riwaya ya Kiswahili ambayo fundi ataisoma na kusema: huyu mwandishi amewahi kushika spana.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa walimu wenzetu.

Kwanza, katika usahihishaji, kompyuta, tarakilishi na ngamizi zikubaliwe zote, mradi mwanafunzi ashikilie moja katika insha nzima. Alama zitolewe kwa maelezo.

Pili, mada ya teknolojia ianze na vitenzi. Mwanafunzi aelekeze hatua kwa hatua jinsi ya kumtumia mzazi pesa kwa simu, au kubadili gurudumu, naye mwenzake afuate maelekezo hayo bila kuuliza. Akikwama, maelekezo yana kasoro, na wote wawili wataiona.

Tatu, wanafunzi wapelekwe kwa mafundi wakiwa na daftari. Wakusanye maneno, kisha feri na breki ziandikwe bega kwa bega, moja ya hapa na moja ya sanifu, bila kuidhalilisha yoyote.

Nne, Walenisi isomwe pia kama hadithi ya kisayansi, na baada ya kuisoma wanafunzi watunge ya kwao. Mada hazikosekani. Baada ya mafuriko ya Gatumba ya mwaka 2020, mwandishi kijana anaweza kujiuliza Bujumbura itaishi vipi na Ziwa Tanganyika baada ya miaka 50, kwa mitambo gani, na nani ataiendesha. Akiyaeleza hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, atakuwa amefanya jambo ambalo Star Trek haikulifanya.

Hitimisho

Wageni wakilipenda jina la Kiswahili, tuwashukuru. Lakini heshima ya lugha hupimwa kwa kazi inayofanywa nayo na wenyewe. Tunawakaribisha walimu na wanafunzi watuletee maelekezo, hadithi na maneno ya karakanani yatakayopatikana katika mazoezi haya, tuyajadili katika matoleo yajayo.