Mita Kabla ya Moto

Mwezi Julai 2007 kampuni ya Microsoft, ambayo mashine yake ya gemu ya Xbox 360 ilikuwa haijatimiza miaka 2 sokoni, ilikiri hadharani kwamba mashine hizo zilikuwa zikiharibika kwa wingi usiostahimilika, ikarefusha dhamana ya ugonjwa huo hadi miaka 3, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa gharama zake. Dalili ya ugonjwa ilikuwa taa nyekundu 3 kuizunguka swichi ya kuwashia, na dawa iliyoenea kwa mafundi na kwa vijana majumbani ilikuwa moja, nayo ni moto: wapo walioipuliza bodi kwa hewa ya moto, na wapo walioiviringisha mashine nzima katika taulo hali inawaka, ili ijioke kwa joto lake yenyewe. Ajabu ni kwamba aghalabu mashine iliamka, ikachezwa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, kisha ikafa tena, na mwenyewe akarudi kwa fundi na maneno mazito.

Miaka mingi baadaye wahandisi wa kampuni yenyewe walibainisha kwamba kilichokatika hakikuwa lehemu inayoishika chipu juu ya bodi, kama walivyodhani wengi, bali viungo vidogo mno vilivyomo ndani ya chipu, vilivyochoka kwa kupata moto kila mashine ilipowashwa na kupoa kila ilipozimwa. Moto wa fundi uliitanua chipu hata kingo za ufa zikagusana, wala haukuuziba ufa wenyewe. Wahenga wamesema, mwenye kovu usidhani kapoa. Basi fundi aliyepokea ujira kwa kazi ile aliuza kovu kwa thamani ya afya. Si kwamba wote walikuwa wajanja wenye kukusudia kudhulumu, kwani wengi walikuwa na mikono myepesi na nia njema, ila waliushika moto kabla ya kuishika mita, na hiyo ndiyo hitilafu ambayo kila anayetamani kuifanya kazi hii kuwa riziki yake hana budi kujihadhari nayo tangu siku ya kwanza.

Vyombo vya kuanzia si vingi: bisibisi ya nyota yenye tundu kati ya namba T8, multimita, pasi ya kulehemia yenye kudhibiti joto, mashine ya hewa ya moto, fluksi, spiriti safi na kioo cha kukuzia. Mchagua jembe si mkulima, na anayengoja hadubini ya thamani kubwa ndipo aanze, hataanza. Kinachopaswa kutafutwa kwa bidii zaidi ni bodi zilizokufa, ambazo mafundi wa Kariakoo na wa barabara ya Luthuli kule Nairobi huzirundika pembeni, kwa maana mkono hujifunza juu ya maiti kabla ya kuaminiwa mgonjwa. Baada ya hapo yafuate maradhi mepesi: vumbi lililoiziba feni, pesti ya kupozea iliyokauka juu ya chipu, na pedi inayomsogeza mchezaji bila kuguswa, ambayo mara nyingi ni kwa sababu utando wa kaboni ulio chini ya kijiti umelika.

Mtihani wa kwanza wa kweli ni tundu la HDMI, ambalo katika mabanda ya gemu, waya uchomekwapo na kuchomolewa mara nyingi kila siku, huvunjika upesi. Mteja husema, "Inawaka lakini haitoi picha," naye fundi mwenye pupa huishika pasi papo hapo. Fundi mwenye insafu hujaribu kwanza waya mwingine na televisheni nyingine, kisha humulika ndani ya tundu azitazame pini zake 19, ndipo aifungue mashine na kuzipima kwa mita. Nyaya 8 zichukuazo picha hukaa jozi kwa jozi, na katika bodi isiyo na ubovu vipimo vyake hukaribiana. Ukiwapo mmoja uliopotoka peke yake, huenda ubovu umelipita tundu ukaifikia chipu ya picha, na kubadili tundu peke yake hakutafaa kitu.

Ikithibitika kwamba ubovu ni wa tundu, ndipo moto hupata ruhusa. Lehemu ya kiwandani, tangu sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 1, 2006 ilipoizuia risasi katika vyombo vya umeme, huyeyuka katika nyuzi 217 hivi, ilhali ile ya kale ya bati na risasi huyeyuka katika nyuzi 183. Kwa hiyo fundi mjuzi huichanganya ya kale na mpya ili joto la kazi lishuke, huwakinga majirani wa plastiki kwa utepe, na hulingoja tundu lilegee lenyewe, kwa sababu anayelivuta kwa nguvu hung'oa pamoja nalo njia za shaba zilizo chini yake. Kisha huyazibua matundu, huliketisha tundu jipya, husafisha kwa spiriti, na kabla ya kufunga hupima tena.

Na yapo ya kukataa mwanzoni bila haya. Kapasita kubwa ya pawa huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. PlayStation 5 hupozwa kwa metali ya majimaji inayopitisha umeme, na tone moja likipotea njia huweza kuunguza bodi. Kisomeo cha diski nacho, katika mashine nyingi, kimefungamanishwa na bodi yake, hivi kwamba fundi akikibadilisha kizima pamoja na sakiti yake, gemu hazisomeki.

Fundi akishajua la kutengeneza na la kukataa, ndipo biashara yenyewe huanza, nayo huanza kwa daftari. Mteja aandikiwe namba ya mashine, hali iliyokuja nayo, na ujira wa uchunguzi ulio mbali na ujira wa matengenezo. Kwani fundi asiyelipwa kwa kuchunguza hushawishika kutengeneza hata pasipo na haja, ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Vipimo vya kabla na vya baada viandikwe hapo hapo. Mashine ikirudi baada ya wiki 3, fundi wa taulo atakuwa na kiapo tu cha kumwonyesha mteja. Fundi wa daftari atafunua ukurasa, aitie mita mahali pale pale, na wote wawili wajue kama jeraha ni lile lile au ni jipya.